Barua ya wazi kwa Meya na Baraza la Jiji: Aliyefichua maradhi yake anakwenda wapi?

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani, na Mkurugenzi wa Jiji,

Salamu nyingi kwenu, na poleni na majukumu.

Mimi ni mmoja wa wahudumu wa kujitolea waliopata mafunzo katika mpango wa jiji wa afya ya akili ya jamii. Fulana ninayo, cheti ninacho, na kitabu cha fomu ninacho. Hicho cha tatu ndicho kilichonifanya niandike. Taarifa yenu ya karibuni inahesabu waliofikiwa: waliofikiwa kwa semina, kwa matangazo ya redio, kwa tamasha la uwanjani, kwa ziara za shuleni. Nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho nikitafuta safu inayosema wangapi kati ya hao walipata mtu wa kuwahudumia, wangapi walirudi mara ya pili, wangapi wana nafuu. Haimo. Sisemi imefichwa. Nadhani hakuna aliyeulizwa.

Kwanza nitoe pongezi, na nizitoe bila kejeli. Mabaraza mengi ya miji hayaligusi kabisa jambo hili. Huliona ni la wizara, la hospitali kubwa yenye ukuta mrefu na geti. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya bilioni 1 wanaishi na tatizo la afya ya akili, na bado serikali kwa kawaida hutenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili yao. Mwaka 2021 watu wanaokadiriwa kufika 727,000 walijiua, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Ninyi mmetenga fedha, mmeajiri mratibu, mmeweka namba ya simu isiyolipiwa. Zamani ukitaja sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, kwenye kikao cha mtaa ulichekwa, au uliulizwa kama umekosa kazi ya kufanya. Siku hizi watu wanasikiliza, na wengine hubaki kikao kikiisha ili waulize pembeni. Matangazo yenu yamechangia hilo na sitalikana.

Mabango yenu yameandikwa methali tunayoijua sote, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Basi watu wameacha kuyaficha. Wameyaleta kwetu mchana kweupe. Hapo ndipo mpango wenu unapoishia, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza bila mpango.

Niwaeleze fomu yenyewe, maana sina hakika kama wote mmewahi kuishika. Ina maswali tisa, na ni fomu inayotumika duniani kote. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Umekosa usingizi, au umelala kupita kiasi? Umejiona umeshindwa maishani, au umeiangusha familia yako? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Swali la tisa linauliza kama umekuwa ukifikiri kwamba ni afadhali ufe, au kujidhuru kwa namna yoyote.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuja jioni baada ya kufunga kazi. Alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, na hakuuweka chini hata mara moja. Maswali manane ya kwanza aliyajibu harakaharaka. La tisa akanyamaza, akavuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa gauni lake, akaukata, halafu akasema, "Karibu kila siku." Sauti haikupanda wala kushuka. Semina ilinifundisha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Ni kweli, na kwa somo hilo nawashukuru. Ilinifundisha nisimwache peke yake, nimtafute mtu anayemwamini, na vitu vya hatari nyumbani viwekwe mbali naye. Yote hayo tuliyafanya usiku uleule. Kisha nikafika chini ya fomu, kwenye mstari wa rufaa, nikapiga namba ya jiji. Ilipokelewa, tena kwa upole. Nikaambiwa nafasi ya kumwona mshauri ipo mwezi ujao, katika kituo kilicho upande wa pili wa jiji, na afike alfajiri apange foleni.

Nilipomweleza, yeye ndiye aliyenifariji mimi. "Usijali dada, angalau umeniuliza."

Yuko hai, anaendelea vizuri, na ameniruhusu nisimulie haya bila kutaja jina lake. Lakini waliomfuatilia katika wiki zile hawakuwa watu wa mpango. Walikuwa dada yake, jirani yake, na mimi kwa simu yangu na salio langu. Kwenye taarifa yenu yeye ni mmoja wa waliofikiwa.

Mtu anaweza kudhani kufuatilia ni huruma ya ziada, kitu kizuri kikipatikana. Hapana. Upo utafiti ambao ningependa kila diwani ausome kabla ya kikao cha bajeti. Uliratibiwa na Shirika la Afya Duniani na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Walihusishwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua, katika maeneo matano: Campinas nchini Brazili, Chennai nchini India, Colombo nchini Sri Lanka, Karaj nchini Iran, na Yuncheng nchini China. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa mazungumzo ya kama saa moja, kisha kupigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika kipindi cha miezi 18. Miezi hiyo ilipokwisha, katika kundi la kwanza asilimia 2.2 walikuwa wamekufa kwa kujiua. Katika kundi lililofuatiliwa, ilikuwa asilimia 0.2. Haikuhitajika mashine wala jengo jipya. Ilihitajika orodha, simu, na mtu aliyepewa jukumu la kupiga na akaulizwa kama alipiga.

Kabla ya hapo, huko San Francisco, Marekani, daktari Jerome Motto alikuwa ameonyesha kwamba hata barua fupi zilizotumwa mara kwa mara kwa watu waliokataa kuendelea na matibabu, barua zisizodai chochote ila kuwajulia hali, zilipunguza vifo vya kujiua hasa katika miaka miwili ya mwanzo. Barua, waheshimiwa.

Najua jibu litakalokuja haraka: jiji letu halina fedha za kutosha. Basi tulitazame jiji lenye fedha. Mwezi Novemba 2015 New York, chini ya Meya Bill de Blasio, ilizindua mpango ulioitwa ThriveNYC, ukisimamiwa na mkewe, Chirlane McCray. Bajeti yake ilitajwa kuwa kama dola milioni 850 kwa miaka minne. Moja ya malengo lilikuwa kuwafundisha watu 250,000 huduma ya kwanza ya afya ya akili. Haukuwa mpango wa bure. Ulileta namba ya simu iliyokuwa wazi saa 24, na watu walipiga. Lakini kufikia 2019 madiwani na waandishi wa habari walikuwa wanauliza swali hilihili ninalowauliza ninyi, kwamba fedha hizi zimembadilishia nini mgonjwa, na majibu yaliyotolewa mengi yalikuwa hesabu za semina na za simu zilizopokelewa. Lawama kubwa nyingine ilikuwa kwamba wenye magonjwa mazito, wale wanaolala mitaani na kuongea peke yao, walipewa kipaumbele kidogo. Mwaka 2021 shughuli zile zikahamishiwa katika ofisi ya kudumu ya jiji yenye jina jingine. Fedha zilikuwepo tele. Kipimo ndicho kilichochelewa.

Sasa nirudi barani kwetu, Harare, Zimbabwe, kwa sababu najua mratibu wenu anaipenda sana habari ya benchi la urafiki. Aliitaja kwenye uzinduzi, na nasikia mabenchi yetu yameshaagizwa. Naomba kabla hayajapakwa rangi tuizungumze vizuri.

Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa na mgonjwa aliyejiua kwa sababu familia yake haikuwa na nauli ya kumrudisha hospitali. Ameeleza mwenyewe hadharani kwamba ilikuwa kama dola 15. Baada ya hapo akaamua huduma ihame, iwafuate watu. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, alipewa wanawake 14 wenye umri mkubwa waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa, na kwa kuwa ndani ya kliniki hapakuwa na nafasi, wakakaa nje kwenye benchi. Habari hii husimuliwa ikaishia hapo, na inapendeza kuisikia: bibi, benchi, kivuli cha mti. Majiji mengi yamenakili benchi.

Ambayo hayanakiliwi ni haya. Wanawake wale walikuwa kwenye mfumo wa idara ya afya ya jiji, si watu waliookotwa kwa ajili ya tamasha. Kila anayefika huulizwa maswali ya kupima hali yake, kwa dodoso lililotengenezwa kwa lugha yao na kwa namna wanavyoeleza dhiki zao, na alama zake huamua kama atabaki kwenye benchi au atapelekwa juu zaidi. Mazungumzo yenyewe si kumwaga ushauri. Mgonjwa anaorodhesha matatizo yake, anachagua moja, anatafuta mwenyewe hatua ndogo anayoweza kuichukua, halafu anarudi wiki inayofuata kueleza ilikuwaje. Vikao hufika hadi sita. Kati ya kikao na kikao anakumbushwa, na akipotea anatafutwa. Akimaliza, lipo kundi la wenzake waliopitia benchi hilohilo la kujiunga nalo. Na yule bibi naye ana mtu wa kumsimamia, wa kumuuliza leo umesikia nini na wewe uko salama.

Walipoupima mpango huo kwenye kliniki 24 za Harare, wakiwa na wagonjwa 573, matokeo yalichapishwa Desemba 2016: baada ya miezi sita, waliopitia benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, wakati katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 49.9. Tofauti hiyo haikuletwa na mbao. Ililetwa na kikao cha pili, cha tatu na cha nne, na usimamizi uliovishikilia vikao hivyo. Mkituletea mabenchi bila hayo, tutakuwa na mahali pa kukaa tu, na hakika tutakaa, maana tumechoka.

Tumechoka kweli. Hili sitalizunguka. Mhudumu wa kujitolea anasikiliza habari za ubakaji, za madeni, za mtoto aliyefukiwa juzi, kisha anarudi nyumbani kupika na hana wa kumwambia kwa sababu ameapa kutunza siri. Wenzangu kadhaa wameacha kimyakimya. Hakuna aliyewauliza sababu, na kwenye taarifa yenu bado wanahesabiwa kuwa wapo. Kujitolea kuna mwisho wake. Posho ndogo ya salio na nauli, na muuguzi wa afya ya akili anayekutana nasi mara moja kwa wiki, vingewazuia wengi wao. Muuguzi mmoja anaweza kusimamia kundi zima. Hatuombi daktari bingwa kila mtaa, tunajua hawapo.

Dawa nitazisema kwa ufupi, kwa sababu hazihitaji maelezo mengi. Mtu mwenye skizofrenia anayechoma sindano ya kila mwezi anaweza kufanya kazi, kulea, kulipa kodi ya nyumba. Sindano zenyewe ni za zamani na si za bei kubwa, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zikikosekana kwenye zahanati mwezi huu na mwezi ujao, huyo mtu anaanza kukosa usingizi, anaanza kusikia sauti, na familia inayomjua inaanza kuficha visu. Kisha anakamatwa barabarani na kusemwa kuwa ameshindikana. Hakushindikana yeye. Stoo ya jiji ndiyo iliyoshindwa kuagiza mapema, na mwenye funguo za stoo hiyo yuko chini yenu, si chini ya wizara.

Na anapokamatwa, anakamatwa na nani? Usiku mtu akichanganyikiwa mtaani, anayekuja ni askari. Wengine wana busara kuliko sisi tulivyo, nimewaona wakikaa chini kwenye vumbi kuongea na mtu. Lakini wengi hawakufundishwa, na pingu ndicho kifaa walichopewa. Denver, Marekani, ilianza Juni 2020 kutuma mhudumu wa afya na mshauri badala ya polisi kwenye simu za aina hii, na uchunguzi uliochapishwa 2022 ulikuta taarifa za makosa madogo katika maeneo hayo zimepungua kwa asilimia 34. Eugene, katika jimbo la Oregon, ilikuwa na huduma kama hiyo tangu 1989, iliyojulikana kwa jina la CAHOOTS, na majiji kadhaa yalikwenda kujifunza kwake. Mwaka 2025 ikasimama Eugene kwa sababu ya matatizo ya fedha. Miaka zaidi ya 30 ya sifa haikuilinda. Nalitaja hilo kwa ajili ya kamati ya fedha: huduma isiyokuwa na fungu lake kwenye bajeti ya kawaida, inayoishi kwa ufadhili wa mwaka hadi mwaka, inakufa hata ikiwa nzuri.

Kuna wanaosema dawa ya haya yote ni kujenga hospitali kubwa zaidi. Sikubaliani nao. Trieste, Italia, ilikuwa nayo, yenye wagonjwa kama 1,200, wakati Franco Basaglia, daktari wa magonjwa ya akili, alipopewa uongozi mwaka 1971. Aliifungua milango, na mwaka 1978 Italia ikapitisha sheria ya kuacha kupeleka wagonjwa kwenye hospitali za aina hiyo. Badala yake jiji likagawanywa kwa maeneo, kila eneo likapata kituo cha afya ya akili kilicho wazi saa 24, chenye vitanda vichache tu kwa anayehitaji kulala siku mbili tatu. Milango haifungwi kwa kufuli. Mgonjwa anamjua muuguzi, muuguzi anajua mgonjwa anaishi wapi na nani anamdai. Sisi tunavyo vituo vya afya tayari. Chumba kimoja katika kila kituo, chenye mlango unaofungika ili mtu aweze kulia bila kuonwa na foleni nzima, kingekuwa mwanzo mzuri.

Kuhusu kuonwa, nina jambo linaloniudhi. Kabla ya taarifa ile kuandikwa, afisa mmoja alinipigia akitaka orodha ya majina na namba za simu za watu niliowahoji, eti aambatanishe kama ushahidi. Nilikataa. Fomu hizo zina majibu ambayo watu hawajawaambia wake zao wala waume zao. Ninazihifadhi kwenye begi lililo chini ya kitanda changu, kwa sababu sikupewa kabati wala kufuli, na hiyo peke yake ni aibu. Ninapowaomba mhesabu wanaorudi, siombi majina yao yatembezwe. Namba ya siri kwa kila mtu inatosha, na majina yabaki kituoni kwa mtu mmoja aliyekula kiapo.

Limebaki moja ambalo nililitafakari sana kama niliandike, kwa kuwa halimo kwenye kazi niliyopewa. Kuna watu ambao ugonjwa wao una anuani, na anuani hiyo ni ofisi za jiji. Mchuuzi aliyenyang'anywa bidhaa zote asubuhi moja. Familia iliyopewa notisi ya kuhama na haikuonyeshwa pa kwenda. Mwezi mmoja baadaye wanakuja kwangu na kukosa usingizi, ninawajazia fomu, na kwenye fomu hakuna mstari wa kuandika kilichotokea. Harare ile ile ya benchi inatukumbusha jambo hili. Mwaka mmoja kabla ya benchi, 2005, serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda mijini. Anna Tibaijuka, Mtanzania aliyekuwa mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, alitumwa kuchunguza, na ripoti yake ikakadiria kwamba watu kama 700,000 walipoteza nyumba, riziki, au vyote viwili. Mbare ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Bibi wale waliketi kwenye benchi kusikiliza watu waliovunjiwa. Ningependa kuamini jiji linaweza kuokoa gharama kwa kutovunja kwanza.

Kinyume chake pia ni kweli, na hili ni la kutia moyo. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichagua viwanja 541 vilivyotelekezwa, vikagawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikasafishwa takataka, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi, vingine vikaachwa vilivyo. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kuwa waliokuwa wakijisikia na huzuni kati ya wakazi wa karibu na viwanja vilivyopandwa walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na wengine. Idara ya mazingira, idara ya ardhi, idara ya masoko: hizi nazo ni idara za afya ya akili, zipende zisipende. Zingewekwa kwenye kamati ya mpango huu, na kabla ya notisi yoyote ya kuhamisha watu kutolewa, mratibu aulizwe.

Ninachoomba kwa bajeti inayokuja si kirefu. Taarifa ya robo mwaka ionyeshe wangapi walihitaji rufaa, wangapi walihudumiwa ndani ya siku saba, wangapi walirudi, na alama zao zilikuwa ngapi walipojaza fomu kwa mara ya pili baada ya wiki sita. Mtu anayesema anafikiria kujiua aonwe siku hiyo au kesho yake, kisha awe na mtu mwenye jukumu la kumpigia, kwa simu ya jiji, kwa miezi isiyopungua 18. Zahanati ziwe na akiba ya dawa za akili ya miezi mitatu. Wahudumu walipwe posho na wapewe msimamizi. Mkiniuliza fedha zitoke wapi, anzeni na tamasha. Mwaka huu lifanyike dogo, bila msanii mgeni, bila fulana mpya. Hizi za mwaka jana bado ni nzima.

Inawezekana hesabu hizo zikitoka zitakuwa mbaya. Waliofikiwa watakuwa wengi na waliorudi wachache, na waandishi wataandika. Msiogope. Namba ndogo ya kweli inatuambia muuguzi apelekwe wapi na dawa zipelekwe wapi. Wananchi wanaofahamu kwamba mnapima wataivumilia kwa mwaka mmoja au miwili, ilimradi waione inapanda. Mimi nitakuwa wa kwanza kuwatetea kwenye kikao cha mtaa, na niaminini, huko nina sauti.

Kamati ya huduma za jamii hukutana kabla ya bajeti kusomwa. Mimi na wenzangu tuko tayari kuja na fomu tulizojaza, majina yakiwa yamefunikwa, ili muone wenyewe ni wangapi mstari wao wa rufaa umebaki mtupu. Tunaomba tuarifiwe tarehe na ukumbi, na kama inawezekana kiwe kikao cha jioni, maana mchana wengi wetu tuko kazini.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa kujitolea, mpango wa jiji wa afya ya akili ya jamii